Herufi Mbili Chini ya Barua Isiyo na Jina

Naanza kwa kukiri mwenyewe kabla hamjaanza kunong'onezana: ni kweli, mimi ndiye yule Mama Véro aliyenaswa kitenge na printa mbele ya Patron, wajumbe wa sendika yetu ya wafanyakazi na Inspekta wa Kazi, na ndiyo sababu mpaka leo nikipita karibu na kiwanda chetu cha zamani cha sabuni kuna wazee wanaoniita "vl", kwa herufi ndogo, halafu wanacheka mpaka wanakohoa. Wacheke. Lakini hadithi wanayosimulia wao imetiwa chumvi (eti nilianguka; sikuanguka, ningeangukaje na huku nimefungwa?), kwa hiyo leo nawapa ya kwangu, pamoja na aibu yake yote.

Bon. Ilikuwa miaka ya vita, baada ya zile siku sita ambazo majeshi mawili ya wageni yalipigana ndani ya Kisangani kana kwamba sisi wenyewe hatumo. Meli hazikupanda tena kutoka chini ya mto, mafuta ya mawese ya Basoko yalitufikia kwa mitumbwi, kidogo kidogo, kiwanda kikawa kinafanya kazi siku tatu kwa juma, na wenzetu wengi walikuwa wametumwa nyumbani kwa kile wakubwa walichokiita congé technique, yaani mapumziko ambayo hukuyaomba na ambayo hakuna anayekuambia yataisha lini. Neno hilo tuliliogopa kuliko bomu. Bomu angalau unalisikia likija.

Mimi nilikuwa dactylo, mpiga mashini ya taipu wa Patron, yaani mkurugenzi wetu, tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba (kilikuwepo, msicheke), na nilikuwa nimefikisha miaka ishirini na miwili kwenye kiti kilekile. Mashini yangu ilikuwa ya chuma, nzito, na ilikuwa na ugonjwa mmoja: herufi "a" iliruka juu ya mstari, kila "a", kila mara, kwa hiyo karatasi iliyopigwa na Mama Véro ilijulikana mji mzima. Na ilihitajika mji mzima, maana siku zile huwezi kutoka Makiso kwenda Mangobo bila kukutana na bariere ya askari, na askari anataka kuona karatasi yenye muhuri hata kama anaishika juu chini. Basi kila mfanyakazi alikuja kwangu, "Mama Véro, nisaidie cheti ya kazi, kesho nitavuka Lubunga kwa matanga," na mimi najifanya nimechoka, napandisha miwani, naingiza karatasi tatu na karboni mbili, ta-ta-ta-ta, na chini kabisa naweka herufi zangu. Masista waliotufundisha kazi walitupigilia jambo hilo kichwani: chini ya barua unaweka herufi kubwa za jina la aliyesema maneno, halafu mkwaju, kile kistari kilichoinama, halafu herufi ndogo za jina la aliyepiga. Véronique Lokwa: vl. Barua isiyo na herufi za mpigaji, walisema, ni mtoto asiye na baba.

Kwa sababu kila karatasi ilipita mikononi mwangu, wenzangu walinichagua pia kuwa mwandishi wa sendika, chini ya Papa Lofemba, fundi wa boila. Kumbukeni hilo vizuri, maana ndipo aibu yangu ilipo: mimi nilikuwa mtetezi wa wafanyakazi.

Halafu kompyuta ikaja. Ilishuka uwanja wa Simi-Simi kwenye ndege ya mizigo, katikati ya magunia ya maharage, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa, na nyuma yake akashuka Kavira, binti wa Butembo, aliyejifunza kompyuta huko kwao, na viatu vyekundu vyenye kisigino. Katika vita! Sisi tulikuwa tunavaa sandali na moyo mkononi, tayari kukimbia, yeye anatembea kok, kok, kok kwenye korido ya kiwanda. Walimpa chumba kilichokuwa cha mhasibu. Wakampa pazia. Jenereta, ambayo mimi niliomba miaka mitatu iniwashie taa moja tu, sasa ilinguruma kuanzia saa nne mpaka saa saba kwa ajili yake, na feni ikamgeukia, zii, zii, nywele zinapepea, na mimi upande wa pili wa ukuta najipepea kwa bahasha.

Niliona wivu. Nalisema wazi kwa sababu nimekwisha kuzeeka na halinidhuru tena. Niliona wivu mpaka chakula kikawa hakina ladha. Lakini kilichoniua kabisa ni siku Papa Lofemba mwenyewe, ndugu yangu wa sendika, niliyempigia vyeti tangu watoto wake hawajazaliwa, alipopita mbele ya mlango wangu bila kusimama, akaingia kule kwenye pazia, akatoka na cheti kimenyooka, herufi zote sawasawa.

Nikamwuliza, "Papa Lofemba, na yangu je?"

"Ah, Mama Véro, usikasirike," akasema kwa sauti yake kubwa (boila ilimharibu masikio, hana sauti ndogo). "Ile ya ordinateur, basoda ba bariere banaiogopa. Banaona hakuna 'a' yenye inaruka, banasema huyu ni mutu mukubwa."

Nilirudi ndani nikaitazama mashini yangu, na "a" yake, nikatamani kulia.

Na ubaya ni kwamba huyo mtoto hakuwa mbaya. Angekuwa na kiburi ningepumzika! Alinisalimia kila asubuhi, "Mama Véro, umelala muzuri?", na siku moja akaniita: "Kuja, mama, nikuonyeshe. Wee unajua kupiga kuliko mimi, ni kuzoea tu." Nikaenda nimekunja uso, nikajifanya naangalia dirishani, huku macho yanakunywa kila kitu: hapa unawasha, hapa unafungua ukurasa, hapa unabonyeza ili karatasi itoke. Nikasema, "Mm, ni kitu ya watoto," nikaondoka. Usiku huo vidole vyangu vilibonyeza godoro.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutuingiza sisi wote ndani ya ile mashini: majina, kazi, na miaka tuliyotumika. Hapo maneno yakaanza. Watu wakasema ikimaliza kutumeza, yenyewe itatoa orodha ya wanaokwenda congé technique, bila Patron kusema neno, na utamlalamikia nani, waya? Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na sendika ingeweza kuiuliza kwa haki, mchana kweupe. Lakini mimi niliipokea hofu ya wenzangu kama mtu anayeokota gauni, nikauvika wivu wangu. Tena niliona saa za chakula Kavira anaingia ghala la nyuma na kutoka na mafurushi ya kopi zangu za zamani, zile za njano za karboni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nikajiambia: umeona? Amechukua feni, amechukua Papa Lofemba, sasa anachukua hata miaka yangu.

Alhamisi moja nikakata shauri. Shauri dogo tu, hivi: nitaandika barua isiyo na jina. (Nani kati yenu hajawahi kupata moja? Mji wetu unaishi kwa hizo.) Lakini kwa mashini yangu haiwezekani, ile "a" ingepiga kelele jina langu kutoka mstari wa kwanza. Basi nikaona nina akili kuliko watu wote wa Tshopo: nitaiandika kwa kompyuta yake mwenyewe, saa ya chakula, akiwa ghalani.

Nikaingia. Nikakaa kwenye kiti chake, feni ikanigeukia, na (Mungu anisamehe) nilifumba macho kidogo. Halafu nikapiga. Nilipiga kwa nguvu kama nilivyozoea, meza inatikisika, na kila mwisho wa mstari mkono wangu wa kushoto unaruka kusukuma chuma ambacho hakipo, unapiga hewa, mara mbili nikakigonga kikombe chake. Nikaandika kwa Kifaransa changu kizuri, na kwa kifupi ilisema hivi: Bwana Directeur, sisi wafanyakazi wote tunakujulisha kwa huzuni kwamba huyu binti wa kompyuta anavuruga amani ya kiwanda, isitoshe hana hata mkataba, anatia sahihi mlangoni kila asubuhi kama vibarua wa kupakia sabuni, kwa hiyo tunaomba aondolewe. Hilo la mkataba nililijua sana, maana mikataba yote ilipigwa na mimi, na wa kwake haujawahi kupigwa. Mtetezi wa wafanyakazi anamkuta mfanyakazi asiye na mkataba, na anafanya nini? Anamshtaki kwa hilo.

Nikabonyeza itoke. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza kama mtu anayebisha kwa jirani aliyejificha, mara sijui ngapi, jasho linanitoka na feni yote ile, ndipo nikaona printa yenyewe haijawashwa. Nikaiwasha. Ikalia kama bata anayekabwa, krrr, krrr, ikatoa barua moja, nikaichana, na hapohapo saa saba ikafika, jenereta ikazimwa, kioo kikawa cheusi. Nikashukuru Mungu. Kwa akili yangu ya mpiga mashini, karatasi ikishatoka, mashini haina kitu. Unaweza kuigeuza na kuitikisa, haitakuambia ulichoandika jana. Nikaisoma barua mara tatu kutafuta makosa, sikuona hata moja, nikaipitisha chini ya mlango wa Patron na kwenda kula lituma, ndizi zangu za kupondwa, kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu miezi miwili.

Kesho yake, saa nne, tukaitwa. Patron, Papa Lofemba na wajumbe wengine wawili, mimi na daftari langu la kuandikia kikao, na Inspekta wa Kazi, mzee wa koti lililochakaa ambaye hakuwa amelipwa tangu vita vianze lakini alikuja na tai. Sote ndani ya chumba cha Kavira. Patron alikuwa mweupe kwa wasiwasi.

"Nimepata barua," akasema, anagusa mfuko wa shati. "Wafanyakazi wote wananitishia amani. Sasa nataka mtu aseme mbele ya Bwana Inspecteur: ni sendika iliyoandika?"

Papa Lofemba akashangaa, "Barua gani? Sisi hatujui kitu." Na mimi, badala ya kunyamaza, mimi niliyezaliwa na mdomo, nikasimama. Nikasema hiyo ni kazi ya mtu mwoga, mtu asiye na soni, sendika yetu haiandiki gizani, atafutwe, na akipatikana afukuzwe! Nilipiga hata kofi mezani. Kavira alinitazama kwa shukrani. Yale macho nayaona mpaka leo.

"Asante, Mama Véro," akasema. "Bon, miye nawashe machine, nibaonyeshe namna inafanya kazi, batu baache kuogopa."

Akawasha kompyuta. Akawasha printa. Tukangoja. Na ile mashini, ambayo ilikuwa imelala na barua zangu zote tumboni usiku mzima, ikakohoa, ikaanza: krrr, krrr, krrr.

"Imeanza yenyewe!" mjumbe mmoja akaruka nyuma. "Ni ile liste! Liste ya congé technique!"

Papa Lofemba akaichana karatasi ya kwanza, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma kwa sauti ya boila, kwa hiyo hata wapakizi huko nje walisikia: "Bwana Directeur... sisi wafanyakazi wote..." Nyuma yake karatasi ya pili inatoka. Ya tatu. Mimi nikajitupa juu ya printa, sijui nilitaka kufanya nini, kuikalia labda, kuinyonga, na ncha ya kitenge changu cha begani ikaingia kwenye yale magurudumu ya meno yanayovuta karatasi, yakakivuta kitenge, yakanivuta na mimi, nikainama mpaka shavu likagusa kifuniko, na ikaendelea kuchapa, sasa nusu kwenye karatasi nusu kwenye kitenge cha Pasaka.

"Mama Véro, uko na nini?" Patron akauliza.

"Hakuna," nikajibu kutoka huko chini. "Naisaidia."

Na Papa Lofemba, ambaye hawezi kuacha kitu bila kukifikisha mwisho, akasoma mpaka chini, kidole kikasimama. "Tunaomba aondolewe. LT, mkwaju..." Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia amenyamaza. "LT, mkwaju, vl."

LT, les travailleurs, wafanyakazi, ndio waliosema maneno. Na vl ndiye aliyepiga. Nilikuwa nimeiweka, jamani. Niliisoma barua mara tatu na sikuiona, maana baada ya miaka ishirini na miwili haikuwa tena maandishi kwangu, ilikuwa kama kufunga mlango ukitoka. (Hata Patron hakuiona, maana ilikuwa chini ya kila barua yake.)

Hakuna aliyecheka, kucheka kulikuja baadaye, na hakujaisha. Kavira peke yake ndiye aliyesogea, akazima printa, akapiga magoti na vile viatu vyake vyekundu, akaanza kuchomoa kitenge changu kwenye meno, polepole kisichanike, uso wake karibu na wangu, na hakuniangalia. Alipomaliza akafungua mtoto wa meza, akatoa furushi la kopi za njano.

"Patron," akasema, "hii nilitaka kukupa leo. Fiche ya Mama Véro, ile karatasi ya miaka yake ya kazi, haiko. Iliungua na zingine, siku ile bombe ilianguka kwa chumba ya archives. Mutu hana fiche, ordinateur inamuhesabu mupya, na mupya ndiye wa kwanza kuenda congé technique. Alors saa ya kula nilikuwa natafuta." Akazipanga mezani mbele ya Inspekta, moja moja. "Muangalie chini. Hii, vl. Hii ya zamani zaidi, vl. Mwaka na mwaka. Ni yeye, miaka yake yote iko hapa."

Inspekta akavaa miwani. Akazipitia zote bila haraka, akalowesha kidole, akageuza, halafu akaichukua barua yangu ya siku ile kutoka mkononi mwa Papa Lofemba na kuiweka juu ya furushi, kwa adabu, akasema, "Na hii inaonyesha kwamba mpaka jana alikuwa kazini." Akaandika: miaka ishirini na miwili, imethibitishwa. Na mimi ndiye mwandishi wa kikao. Ilibidi nirudi kwenye mashini yangu nikapige mambo yote hayo kwa nakala tatu, na "a" zote zinaruka.

Papa Lofemba hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa utaandika ingine, dada yangu. Ya kumuombea contrat." Nikaiandika siku ileile, na jina langu zima. Nilimwomba Kavira radhi pia. Akasema, "Imeisha, mama," kama watu wanavyosema kitu ambacho hakijaisha.

Jibu lilichukua majuma saba. Orodha ilikuwa imekamilika, kila mtu na miaka yake, na hapo Patron akajibu kwamba mkataba hauna haja tena, kwa kuwa kazi ya kuingiza majina imekwisha, na kwamba tena, ona, amani ya kiwanda, wafanyakazi wenyewe walikwisha kulalamika kwa maandishi. Aliambatisha nakala. Sihitaji kuwaambia ilikuwa na herufi gani chini. Asubuhi hiyo Kavira alipofika mlangoni, hakukuwa na karatasi ya kutia sahihi. Hakupewa hata congé technique, maana hiyo ni ya wenye mkataba. Nilimsindikiza Simi-Simi, yeye kwenye toleka moja, ile baiskeli ya kubeba abiria, mimi nyuma kwenye nyingine na sanduku lake magotini, na kabla ya kupanda ndege alicheka kidogo akasema, "Mama Véro, niliandika batu bote ya ile kiwanda. Mimi tu siko mule."

Na kiti chake nilipewa mimi. Nani mwingine alikuwa amefundishwa? Pazia langu, feni yangu, inanipepea nywele zote kama nilivyotamani, na haikuniburudisha hata siku moja. (Vile viatu vyekundu bado navionea wivu, siwezi kusema uongo.)

Tangu hapo niliapa siandiki tena neno nisiloweza kulitia jina langu zima, na nimekishika kiapo hicho. Jambo la kwanza nililofanya kwenye ile kompyuta ni kufungua orodha, kushuka mpaka mwisho, na kuandika: Kavira, kazi yake, alituandika sote. Patron akaona, akafuta. Jumatatu nikaandika tena. Akafuta. Hivyo juma kwa juma, mwaka mzima, mpaka kiwanda kilipofungwa, yeye anafuta, mimi naandika, na pembeni ya jina lake, ili asipate shida ya kutafuta ni nani, naweka vl.